Poda ya Babako Juu ya Injini

Zuhura mwanangu,

Begi lako umeliweka mlangoni tangu adhuhuri, na kila nikipita na beseni la babako inanibidi nilivuke. Najua umeliweka pale makusudi, nisipate nafasi ya kujisahaulisha kwamba kesho asubuhi unakwenda Ganze. Basi sikulisogeza. Sasa magharibi imeshaswaliwa, nyanyako anakufungia vitumbua jikoni, nawe umekwenda kuwaaga shangazi zako. Nina nafasi mpaka utakaporudi. Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo mimi na wewe hatumalizi jambo: mimi nakatiza, wewe unanuna.

Sitakuandikia habari za chandarua wala kuchemsha maji. Wewe ndiye tabibu, na huko unakokwenda utajifunza kuyatafuta maji kabla ya kuyachemsha. Habari za wanaume nazo siziandiki. Niliyokuwa nayo nilishayasema mbele ya watu na ukaona haya. Nataka kukuandikia habari za oili ya gari. Unadhani unazijua zote kwa kuwa ulikuwepo. Kipo kipande hukijui, na sitaki uondoke bila kukijua.

Kumbuka siku taa nyekundu ya oili ilipowaka garini pale Gede. Tulikuwa tunatoka Kilifi kwenye mazoezi ya viungo ya babako, naye amekaa kiti cha mbele kichwa kimemlalia begani. Uliteremka, ukavuta kile kijiti cha oili, ukakifuta kwa ncha ya mtandio wako, ukakichovya tena, ukakivuta. Kikatoka kikavu. Ukanigeukia ukasema, "Mama, mimi siendi popote mpaka gari hili litengenee."

Ulikuwa na haki. Tangu babako apooze upande mmoja, gari hili ndilo miguu yake. Matatu hawezi kupanda. Likituzimikia njiani, wanatakiwa watu wawili wa kumnyanyua, na watu wenyewe ni mimi na wewe. Zahanati ya Ganze ilikuwa imekwisha kukuandikia uripoti Jumatatu hii, na usiporipoti nafasi anapewa mwingine. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kabisa. Gari likiendelea kuvuja, wewe unabaki. Likipona, unakwenda.

La kwanza lililotushinda ni kujua linavuja tangu lini. Mwenye kuegesha gari juu ya saruji tone likidondoka analiona, na kesho yake analiona tena. Sisi uani kwetu ni mchanga, na nyanyako haamini kwamba jua linaweza kuchomoza juu ya ua usiofagiliwa. Akishaswali alfajiri anashika ufagio wake wa chelewa, na sisi tukiamka tunakuta mistari imenyooka kuanzia mlangoni mpaka kwenye mlimao. Nilimuuliza kama amewahi kuona doa la oili chini ya gari.

"Nimeliona," akasema. "Tangu kabla ya Ramadhani nalifukia."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakutangaza msikitini kwamba mtoto amekojoa kitandani. "Niseme nini? Kuna uchafu, nimeutoa. Wewe ukiosha sufuria unatuita?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi sikucheka. Mimi, kama unavyonijua, nilianza hotuba. Nilimwambia kwamba hivi hivi ndivyo watu wa pwani tulivyonyang'anywa ardhi, kwa tabia hii ya kufukia aibu mapema ili majirani wasione, na tunapoamka kuuliza, ushahidi umeshafagiliwa. Nilikuwa sijafika hata nusu. Akasema, "Haya. Ukimaliza ardhi ya pwani, unisogezee gari nifagie."

Baadaye nilifikiri kwamba hotuba ile ilikuwa ya kweli, ila nilimtolea mtu asiyehusika. Mara nyingi nimefanya hivyo. Nina hasira na mtu aliye mbali, namkuta aliye karibu.

Ndipo tukalipeleka kwa Fundi Mutua, mtaa wa Kisumu Ndogo. Unakumbuka alivyoingia chini ya gari na alivyotoka, ameridhika, kama daktari aliyeupata ugonjwa wenye jina kubwa. "Ni oili sili ya nyuma, madam, hiyo raba ya kuzuia oili. Inadondokea hapo katikati ya injini na gearbox. Lazima gearbox ishuke." Nilimuuliza itachukua muda gani akaangalia mbingu. Nami nilikuwa nimesoma usiku kucha kwenye simu, nimejaa maneno. Nikamwambia hapana, ni gasketi ya sampu, lile bakuli la chini linalokusanya oili. Imekauka, inajulikana kwa magari ya aina hii. Akasema sivyo. Nikasema ndivyo. Wale vijana wa gereji waliacha kazi wakaja kusikiliza. Nilimuuliza maswali mengi kwa mfululizo, kila moja limekaa juu ya lingine, mpaka akarusha mikono akasema sawa, nitafunga hiyo gasketi yako.

Akaifunga. Tukatoka pale nimeinua kichwa. Kesho yake oili ilikuwa pale pale.

Tulipomrudia, Mutua alikuwa anakula. Alimeza kwanza. "Madam, ulinishinda, mimi nakubali. Lakini hiyo oili haijasoma kitabu yako."

Lakini naye alikuwa amekosea, na hilo usilisahau unapomsimulia mtu kisa hiki, maana watu hupenda kisa ambamo fundi ni bingwa na mwanamke mwenye maneno ni mjinga. Alichokuwa anataka kushusha hakikuwa na ubovu wowote. Tulikuwa wawili tunaotazama mahali tone linapoangukia na kugombania jina lake. Alipoishiwa alinipakia silikoni ya kuzibia kila palipounganishwa, injini ikaonekana kama keki, na ikaendelea kuvuja taratibu kupitia upande mwingine.

Kuanzia hapa ndicho kile kipande usichokijua.

Ilikuwa asubuhi ile uliyokwenda mjini kununua viatu vya kazi. Nilikuwa namwosha babako. Nilimkausha, nikampaka poda mgongoni na shingoni asichubuke, nikawa namvalisha kanzu ya ndani. Joto lilikuwa kali, na jasho likamtoka chini ya nywele. Nililiona linavyoshuka juu ya poda. Lilichora mstari mwembamba, likapinda kwenye mfupa wa bega, likapotea ubavuni. Ungelikuta ubavuni ungesema linatoka ubavuni. Nikaufuata mstari kwa kidole kwenda juu mpaka shingoni, babako akacheka kwa sababu anatekenyeka.

Nikamtia garini, kiti cha mbele, mlango wazi apate upepo, kama anavyopenda. Nikachukua mafuta ya taa na brashi kuukuu nikaisugua injini yote, silikoni ya Mutua na uchafu wa miaka, mpaka chuma kikaonekana rangi yake. Nikaiacha ikauke. Kisha nikachukua mkebe wa poda ya babako nikaipulizia injini yote, juu, ubavuni, nyuma, mpaka ikawa nyeupe kama maiti aliyekwisha kuandaliwa. Nikawasha gari, nikaliacha lingurume, nikasimama na tochi.

Nilisubiri sana. Nilikuwa karibu kukata tamaa ulipojitokeza. Mstari mweusi, mwembamba kuliko uzi, upande wa nyuma kabisa, ule unaotazama kioo, mahali ambapo mkono hauingii vizuri na hakuna aliyewahi kuchungulia. Ulikuwa unatoka chini ya kifuniko cha juu cha injini. Kile cha juu kabisa, Zuhura. Unashuka kwa nyuma, unapita karibu na bomba la moshi, na ndiyo maana tulikuwa tunasikia harufu ya kuungua tukipanda mlima, kisha unafuata ukingo wa chuma mpaka kwenye maungio ya gearbox, na hapo unadondoka. Sote tulikuwa tumelala chali chini ya gari tukitafuta kitu kilicho juu ya vichwa vyetu.

Ni gasketi ya kifuniko. Kitu cha mpira, chepesi, mtu anakibadilisha kabla ya adhuhuri.

Babako alikuwa ananitazama kupitia uwazi wa chini ya boneti. Maneno yake unajua yanavyotoka, moja moja, yamelowa. Akauliza, "Umeona?"

Nikafunga boneti. Nikasema, "Bado."

Sikupanga kusema hivyo. Neno lilitoka lenyewe, na lilipotoka nikaona kuwa lina kazi. Nilichukua kitambaa nikaifuta poda yote, nikafuta na ule mstari. Ulirudi na viatu vyako ukaniuliza, nami nikakwambia bado sijaona. Ukakaa juu ya kizingiti na sanduku la viatu mapajani. Ukasema, "Basi niwapigie Ganze niwaambie wampe mwingine?"

Nikakwambia, "Fanya unavyoona."

Hukupiga siku ile. Hujui ni mara ngapi niliitazama simu yako.

Nataka ujue nilichokuwa nikifikiri siku zile, maana si kwamba sikufikiri. Nilifikiri sana. Nilikuwa na hoja, na zilikuwa nzuri. Babako anakuhitaji. Nyanyako mikono yake haina nguvu tena isipokuwa ya ufagio. Ganze watapata tabibu mwingine, labda mwenyeji wa huko anayejua kilugha cha watu na njia za miguu. Wewe mwenyewe bado mdogo, mwaka mmoja si kitu. Na juu ya hayo yote, hoja yangu ile ambayo nimeiandika na kuisema redioni mpaka wakachoka nami: kwamba serikali imejenga wodi zake ndani ya nyumba zetu, na wauguzi wake ni binti zetu, bila mshahara, bila likizo, bila hata godoro la zamu. Niliweza kuichukua hoja hiyo hiyo na kuigeuza ikatetea wewe kubaki. Nilijiambia, ikiwa wodi ni hii, si ihudumiwe na aliyesomea?

Hakuna iliyokuwa ya uongo. Hilo ndilo lililonitisha nilipokuja kutulia. Nimeishi nikidhani hatari ni watu kudanganywa kwa uongo. Mimi nilijifungia humu ndani kwa mambo ya kweli, moja juu ya jingine kama matofali, na nilijua vizuri nilikotaka ukuta uishie kabla sijaweka tofali la kwanza.

Nami najua nyumba ya namna hii inavyojengwa, kwa sababu nimekulia ndani yake. Unashangaa kila mara kwa nini mimi niliyesoma vitabu vyote hivi sikuwahi kwenda chuo. Nimekupa majibu mengi, mengine ya kuchekesha. Jibu ni kwamba nilipata nafasi. Babangu hakunikataza hata siku moja. Angenikataza ningebishana naye, na kubishana nilikuwa nimeshaanza. Alisema tu ningoje paa liezekwe upya, mvua isije ikamkuta mamangu peke yake. Paa likaezekwa. Akasema ningoje kisima, maana kuta zake zimeanza kubomoka. Kisha ikawa arusi ya kakangu, kisha mguu wa mamangu. Kila nilipofunga mzigo kulikuwa na kitu nyumbani kimeharibika, na kila kitu kilikuwa kimeharibika kweli. Kisima kile nilikichungulia mwenyewe. Sikuweza kumlaumu mtu. Ikabaki hasira isiyokuwa na pa kwenda, nikaanza kuandika magazetini.

Sasa nipo hapa, nyumba ile ile kwa mlango mwingine. Naamka kabla ya nyanyako, namgeuza babako, natia maji motoni, namwosha, namlisha, namgeuza. Dirisha la chumba chake linatazama ukuta wa jirani. Kuna siku naujua ukuta ule kuliko ninavyoujua uso wangu. Nampenda babako, usije ukadhani hapana. Lakini kumpenda hakujaongeza dirisha la pili. Na uliporudi kutoka chuoni ukawa unaingia chumbani mle ukifungua mapazia na kumtania, ilikuwa kama mtu ameniletea hewa. Nani anaitoa hewa nyumbani mwake kwa mkono wake?

Asubuhi ya tatu au ya nne nilikuwa namwosha tena. Nikauchukua mkebe wa poda, nikautikisa. Hakuna kitu. Nikaupiga kwa kiganja, ikatoka vumbi kidogo. Babako akautazama mkebe, kisha akanitazama mimi.

"Poda," akasema. "Imekwenda wapi?"

Mkebe ulikuwa mpya Ijumaa, naye alikuwa garini siku ile, na kiharusi kimemchukua mkono na mguu, hakikumchukua macho. Nikaendelea kumfuta miguu ambayo ilikuwa imeshakauka. Akasubiri. Akajaribu neno, likamkwama, akajaribu tena.

"Mwache aende."

Nikamwambia ni rahisi kwake kusema. Nikamwambia nani atamnyanyua, yeye mtu mzito hivi, mimi na mgongo huu. Nilisema mengi, Zuhura, nilimsemea mtu asiyeweza kunijibu kwa kasi yangu, na nilikuwa nashinda. Alingoja nimalize. "Wewe," akasema. Kisha akaona halikutosha, akaongeza, "Polepole."

Basi nikaenda kununua gasketi.

Mutua alikuja na spana zake kwa sababu nilihitaji ile ndefu. Alikuja na tabasamu pia, hilo sikulihitaji. Tulipofungua kifuniko, gasketi ya zamani ilikuwa ngumu kama ganda la muwa lililosahaulika juani. Ilikatika vipande mikononi mwangu. Tuliikwangua yote, tukasafisha kingo, tukaweka mpya. Mutua alitaka kukaza bolti kwa nguvu zake zote, nikamzuia: unaanza za katikati, unakwenda nje, kidogo kidogo, ukirudi na kurudi, la sivyo mpira unaminyika upande mmoja na utavuja upya. Tulibishana hapo pia. Safari hii nilikuwa sawa, lakini sikumpa hotuba.

Jioni tukaweka boksi lililokunjuliwa chini ya gari. Nyanyako nilimkataza kufagia hapo, akafagia uwanja mzima akaacha pembe nne za gari kama kaburi. Asubuhi boksi lilikuwa na doa. Dogo, kama sarafu. Nitakwambia ukweli: moyo wangu uliruka kwa furaha, na nilipojua kwamba ni furaha nikakaa chini.

Mutua akarudi. Akachomoa mpira mmoja mdogo, wenye tundu kama bomba, unaotoka kwenye kifuniko, akauweka mdomoni akapuliza mpaka mashavu yakamvimba na mishipa ya shingo ikamtoka. Haukupita upepo. "Hapa ndio inatoa pumzi," akasema, "na imeziba. Sasa hiyo presha inaenda wapi? Inasukuma oili itoke popote." Alitumbukiza waya ukatoka umevaa utando mweusi mzito. Ungependa nikufanyie mfano kutokana na mpira ule, najua, na ungenicheka. Siufanyi. Tuliuosha kwa mafuta ya taa, tukaurudisha.

Tangu hapo tumekwenda Kilifi na kurudi, na siku iliyofuata tukaenda tena, mimi na babako peke yetu. Wewe nilikudanganya kwamba sikutaka uchoke. Nilitaka kujua kama naweza. Unamfunga kanga kiunoni, unaishika kwa nyuma, unaweka goti lako dhidi ya lake, unamwambia ahesabu, naye anahesabu vibaya kwa makusudi. Tulipumzika mara mbili baina ya gari na mlango. Mtu mmoja alitaka kutusaidia, babako akamkatalia kwa jicho. Tuliporudi boksi lilikuwa kavu. Ndipo nikaja mezani nikakwambia gari limepona, ukanitazama muda mrefu kisha ukaenda kufunga begi.

Ulinitazama kama mtu anayeshukuru. Ndiyo maana nimeandika. Sitaki shukrani ile. Usiende ukidhani nilikufungulia mlango kwa moyo mweupe. Nilikuwa nimekishika kitasa kwa ndani, na ni mkebe mtupu ulioniumbua. Na sikuandika ili unisamehe, maana ukinisamehe utalegea, na ukilegea utarudi.

Sikiliza. Mimi sijabadilika. Babako atapata homa, nyanyako atateleza, bomba litapasuka, gari litavuja mahali pengine, na yote yatakuwa kweli, na mimi nitakupigia simu. Sauti yangu unaijua. Nikitaka, naweza kumtoa mtu pangoni. Kabla hujachukua begi lako huko, niulize hivi: "Mama, kimeharibika, au umenikosa tu?"

Nitakasirika. Nitakwambia huna adabu, nitakukumbusha nani aliyekuzaa, pengine nitakata simu. Wewe kaa hapo hapo ulipo, hudumia wagonjwa wako. Nikipiga mara ya pili, uliza tena.

Mamako